Timu Niliyoahidi Itashindwa

Jumatatu, 9 Oktoba

Nitakuwa mfalme! Imeshaamuliwa. Nimeamua mimi.

Chuo chetu hapa Harrow, London, ni cha Wamarekani, na Wamarekani wana kitu kinaitwa Homecoming. Kila Oktoba wanafunzi wa zamani wanarudi kwa wiki nzima. Kunakuwa na msafara wa magari, kunakuwa na mechi, na mwisho wanafunzi wanapiga kura kumchagua mfalme. Anavikwa taji. Hatawali chochote, lakini sehemu hiyo sikumwambia Baba nilipompigia simu Kitale. Baba akauliza kama kutakuwa na picha. Kaka yangu ni daktari Eldoret, na kwa miaka mitano Baba hajawa na mazungumzo mengine. Nikamwambia picha zitajaa. Kufikia jioni alikuwa ameshawatangazia padri, chifu na mwenye duka la dawa. Sasa siwezi kurudi nyuma.

Mpinzani wangu ni Chandrakant. Amezaliwa hapa hapa Harrow, babake ni mtu wa Nakuru. Kijana mpole. Huwafungulia watu milango. Mbinu chafu sana.

Jumanne, 10 Oktoba

Kampeni imeanza. Nimefanya kama tunavyofanya kwetu: nimeahidi. Wanorwei nimewaahidi maji moto bwenini. Mnigeria mmoja nimemwahidi uwaziri, akauliza wizara gani, nikamwambia achague. Wajapani wawili waliinamisha vichwa nilipopita. Kura mbili hizo.

Jioni, kikao cha dharura cha kamati ya Homecoming na sisi wagombea. Timu iliyokuwa ije kucheza nasi Jumamosi imejitoa. Mwenyekiti wa kamati, msichana wa Ohio mwenye meno mengi, alifunga mlango na kutueleza mila yao kwa sauti ya chini. Mpinzani wa Homecoming huchaguliwa kwa uangalifu. Anatakiwa aje, ashindwe, ashukuru, aende zake. Huwezi kumtoa mzee Chicago aje kuangalia chuo cha mwanawe kikitandikwa. Atakayepata timu ya namna hiyo atakaa kwenye gari la mbele, na atahutubia kabla ya kura.

Chandrakant akasema si vizuri kumwalika mtu kwa kusudi la kumpiga. Maskini, siasa hajui. Nikanyoosha mkono. Nikasema timu ninayo, dhaifu kuliko zote London.

Sina timu.

Jumatano, 11 Oktoba

Ninayo! Kwaya ya kina mama wa parokia ya Hayes!

Mwenyekiti wao ni Shangazi Gaudensia, ambaye ninakaa kwake, katika chumba kidogo kinachonusa vitunguu. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kina mama wenzake karibu wote ni wauguzi na wahudumu kama yeye. Mama Njeri ana goti. Jane ana presha. Wote wana migongo. Nilipowatazama wakishuka ngazi za kanisa nilitaka kulia kwa furaha.

Nikawaeleza mchezo. Ni mpira wa Kimarekani, lakini si ule wa kuangushana. Kila mchezaji ananing'iniza tepe mbili kiunoni. Ukiwa na mpira na mtu akachomoa tepe yako, umesimamishwa. Ukifika mwisho wa uwanja hujachomolewa, umefunga. Basi. Shangazi akauliza kama kutakuwa na chakula. Nikasema tele.

Sikuwaambia kwamba kazi yao ni kushindwa. Mambo ya wazi hayana haja ya kuelezwa.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mazoezi, nyuma ya kanisa. Walisali nusu ya muda. Nusu iliyobaki walibishana nani ashike mpira. Mama mmoja aliukalia. Mazoezi bora kabisa!

Chuoni nimetangaza kwamba tutashinda vibaya mno hata wageni watatuonea aibu. Watu wakapiga makofi. Chandrakant alinivuta pembeni, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Nakuru kama hao kina mama wanajua wanachoitiwa. Nikamwambia aangalie kampeni yake.

Jumamosi, 14 Oktoba

Asubuhi ilikuwa yangu. Gari la mbele! Niliwapungia watu mkono kama mbunge anayetoka bungeni mara moja kwa mwaka. Wanafunzi wa zamani walijaa, majina yao yamebandikwa vifuani, wakilia na kugusa kuta. Chuo chenyewe kina miaka kumi na mmoja. Kabla ya hapo kilikuwa duka la mazulia.

Halafu mechi.

Kina mama walifika na sare: leso za kanga zimefungwa kiunoni, juu ya tepe. Tepe zinachungulia chini, kidogo tu. Mwamuzi, mwalimu wa historia, alipekua kanuni zake, hakukuta neno lolote kuhusu leso. Shangazi akapewa mpira. Akaukumbatia chini ya kwapa kama mkoba wa kwenda sokoni, akaanza kutembea. Hakukimbia. Alitembea! Vijana wetu wakubwa, wenye shingo kama magogo, walimkimbilia, wakafika, wakaona kwamba ili kuchomoa tepe lazima watie mkono kwenye leso ya mama wa mtu. Wakasimama. Mmoja aliomba radhi. Shangazi akaipokea radhi, akapita, akafunga.

Vigelegele!

Nilimwona mwenyekiti wa Ohio akinitazama. Meno yote yalikuwa yameingia ndani. Nikakimbia uwanjani, nikamnong'oneza Shangazi kwamba inatosha, sasa wawaachie wenyeji. Akasimamisha mchezo mzima. Akaniuliza, mbele ya watu:

"Elkana, ulituleta hapa tushindwe?"

Nikajibu kwamba si kushindwa hasa. Nikaitaja mila. Nikamtaja mzee wa Chicago. Shangazi aliwageukia wenzake, akawaeleza, na kila mama akakaza leso yake upya. Wakati huo ndipo nilipojua kwamba mpaka hapo walikuwa wanacheza tu.

Sitaandika matokeo. Jane mwenye presha alifunga mara tatu. Mzee wa Chicago alisimama juu ya kiti akishangilia Hayes.

Kwenye hotuba yangu nilizungumzia umoja. Kisha kura. Hata Wajapani! Hata waziri wangu! Chandrakant akavikwa taji, akalivua papo hapo, akaenda kumvika Shangazi juu ya kitambaa chake cha kichwa, huku akimwita Mama. Uwanja ukalipuka. Nilipiga makofi, nikauma ulimi kwa hasira.

Jumapili, 15 Oktoba

Shangazi alikwenda misa na taji. Padri alimwomba alivue wakati wa kukomunika tu.

Baba alipiga simu. Picha zimefika Kitale. Dada yake amevikwa taji Uingereza! Padri ameona, chifu ameona. Akaniuliza yule kijana wa nyuma aliyebeba mkoba wa viatu vya kina mama ni nani. Sikumwambia ni mimi. Nikasema simjui. Iliniuma. Naandika wazi: iliniuma sana.

Nadhani Shangazi alisikia, kwa sababu aliniletea chai mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Ungeniambia tu unataka kupigiwa makofi," akasema, "ningekupigia hapa hapa nyumbani."

Kisha akaniachia rundo la leso za kufua.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimetafakari kwa kina siku tatu. Kosa nimeliona: kina mama. Wanyama hawana maneno.

Mwezi ujao Wamarekani wana sikukuu ya kula bata mzinga. Nimeiambia kamati kwamba kwetu tumefuga hao ndege vizazi na vizazi, na kwamba nitaleta mmoja mzima, mkubwa, nimchinje mbele ya wageni wote kwa hotuba fupi. Sijawahi kuchinja hata kuku. Kazi hiyo nyumbani aliifanya kaka. Lakini ni ndege tu, na mpiga picha nimeshapata.

Baba amefurahi sana. Ameshamwambia chifu.