Shangazi Aliyefika Posani Akiwa Ameshakaa

Wenzangu wa kikundi, leo sina uso. Ule niliokuwa nao asubuhi nimeuacha Marangu, nyumbani kwa baba yake Prisca, na sijui kama nitathubutu kurudi kuuchukua.

Gari langu mnalijua. (Kwa wageni: ni kale kagari kekundu ambako kila mwisho wa mwezi kule Chekereni, tukishapanga matairi chakavu na kukimbia na saa, kanashika nafasi ya saba kati ya nane. Wa nane huwa ameishiwa mafuta.) Nililinunua liwe la kwenda kazini na kurudi. Ningeliacha hivyo, leo ningekuwa mtu mwenye amani.

Lakini ugonjwa huu mnaujua, hauingii siku moja. Kwanza nilibadilisha matairi tu. Matairi yakaonekana hayaendani na springi, nikaweka springi fupi na ngumu, zile ambazo ukikanyaga punje ya mahindi unajua kama ni ya njano au nyeupe. Kisha eksozi, maana gari la mashindano halinong'oni. Kisha nikang'oa zulia, redio na kiyoyozi, nipunguze uzito. (Mimi mwenyewe nina kilo tisini na mbili. Hizo hakuna aliyenishauri nizing'oe.) Kisha nikaweka mbele viti viwili vya mashindano, vile vyembamba vinavyokukumbatia mbavu na kiuno, vilivyopitia mpakani Holili kutoka kwa jamaa wa upande wa Kenya. Kila kimoja kina mikanda minne inayokutana tumboni kwenye kishikizo kimoja. Na wiki mbili zilizopita nikafanya kosa kubwa: niling'oa kiti cha nyuma. Fundi akachomelea mabomba ya chuma mahali pake, ili gari likibiringika nisifinyangwe.

Kiti chenyewe nilimpa Saidi, kinyozi wa Majengo. Akakiweka juu ya mbao mbili, kikawa benchi la wateja. Siku hiyo nilijiona mtu mwema sana.

Prisca, mchumba wangu, alijua habari za eksozi. Za kiti hakujua. Posa ilikuwa wiki ijayo na nilishapanga kukata mabomba na kukirudisha kimya kimya kabla ya hapo. Jana jioni akanipigia. Baba yake amesema tuje kesho, na mwoaji aje na gari lake mwenyewe, alione. Mzee Aloisi ameendesha malori miaka thelathini. Prisca anasema kabla hajamtazama mtu usoni huwa anatazama matairi yake.

Alfajiri nilimpigia Saidi mara sita. Hakupokea.

Nikaenda kumchukua Shangazi Apolonia, ndiye mshenga wetu. Kwetu mwenye kuoa siku ya posa hafungui mdomo zaidi ya shikamoo, anasemewa. Na kwa kina Prisca kuna sharti moja zaidi, ambalo aliniambia mara nne ili lisinitoke: mshenga akishaingia ndani anasimama, anasema lililomleta akiwa wima, na hakai mpaka mwenye nyumba amwambie kaa. Akikaa kabla ya hapo, amekuja kwa dharau, na mazungumzo yanaishia hapo hapo. Kuna watu walisharudishwa pamoja na mbege yao, pombe yetu ya ndizi, kwa kosa hilo.

Shangazi alikuwa amependeza kiasi cha kutisha. Kitenge kipya kiunoni, kingine begani, kilemba juu. Ni mama mpana, mwenye heshima zake na nafasi yake. Akafungua mlango wa nyuma. Akatazama. Akaufunga taratibu.

"Deo, kiti kiko wapi?"

"Kiko kwa fundi, shangazi." (Kinyozi naye ni fundi. Sikusema uongo.)

Baba Mdogo, ambaye ndiye angekaa nyuma, aliyatazama yale mabomba, akajishika kiuno, akaita bodaboda. Dumu la mbege nikalifunga kwenye mabomba kwa kamba. Na hapo mimi, mtoto wa mjini, nikafanya jambo ambalo mtoto yeyote aliyekulia mgombani asingelifanya. Nilikaza kifuniko. Nilikikaza kwa nguvu zangu zote, nikiogopa mbege isimwagike kwenye kona.

Kumkalisha Shangazi kulichukua muda. Alishuka kwenye kile kiti kwa awamu, na kila awamu alitaja mtakatifu wake. Kiti kikamkumbatia. Nikamfunga mikanda minne, akauliza kama siku hizi Marangu wameihamishia angani.

Mpaka Himo hofu yangu ilikuwa ya kawaida. Kila tuta nililivuka kimshazari, pole pole, na bado Shangazi alipaa na kutua, mkono mmoja kwenye kilemba, mwingine kwenye rozari. Tulipokata kushoto na kuanza kupanda, hofu ikawa nyingine kabisa. Viganja vilitoa jasho mpaka usukani ukawa unateleza. Prisca naye akaanza kutuma ujumbe, Shangazi ananisomea. Baba ameoga. Dakika kumi baadaye: baba amevaa koti. Kisha: baba amekaa barazani, anatazama njia.

Niwaambie ukweli, mimi siogopi kona. (Ninyi mnaosema naogopa kona, tutaongea siku nyingine.) Nilichokuwa naogopa ni kuambiwa hapana. Nina miaka thelathini na minne, na Prisca ndiye mtu wa kwanza duniani aliyenisikiliza nikieleza habari za springi mpaka mwisho bila kutazama simu. Mtu kama huyo ukimkosa humpati tena.

Njia ya kuingia kwao ni ya mawe, kahawa huku, migomba huku. Gari langu liko chini, mnalijua, tumbo likawa linakwaruza. Nimebakiza kona moja tu. Nyuma yetu kitu kikalipuka.

Mimi nilidhani ni tairi. Shangazi akamwita Mungu kwa Kichagga, Ruwa, kwa sauti iliyotoka mbali. Ilikuwa mbege. Mbege hupumua, kila mtu anajua, na mimi nilikuwa nimeiziba pua na kuitikisa kutoka Moshi. Kifuniko kiligonga paa, povu likaja mbele. Shangazi akalowa kuanzia shingoni mpaka mgongoni, na kwa kiherehere akataka kutoka gari likiwa bado linatembea. Akakivuta kile kishikizo ovyo ovyo. Pindo la kitenge likaingia ndani yake, likakwama.

Basi tukafika hivyo. Eksozi inanguruma, mbwa wanabweka, gari linanuka kilabu. Mzee Aloisi amesimama barazani na koti lake. Baba Mdogo yuko kando, amejaa vumbi la bodaboda, anatazama vidole vyake vya miguu. Nikazima gari, nikatoa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye matairi.

"Shangazi, shuka," nikanong'ona.

"Nashukaje?"

Nikavuta kishikizo, hakikuachia. Nikamnong'oneza nikate kitenge. Akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, akasema kitenge cha posa hakikatwi, kwani mimi nataka kuleta mkosi? Na hata kama kingekatwa, kile kiti kilikuwa kimeshamkamata kiunoni. Nikamvuta mkono. Baba Mdogo akazunguka, akasukuma kutoka upande wa dereva. Gari zima likayumba. (Springi zangu zilinesa, kwa mara ya kwanza tangu nizifunge.) Shangazi hakusogea hata inchi moja.

Mzee Aloisi akaja. Akainama dirishani, akamsalimu Shangazi kwa adabu, akachungulia ndani. Akaondoka. Mimi nikajua ndiyo basi, ameenda kufunga mlango. Akarudi na sanduku la spana.

"Bolti nne," akasema. "Namba kumi na nne?"

Nikaitikia kwa kichwa. Siruhusiwi kusema. Na mtu ninayemwomba binti, akiwa na koti lake la posa, akapiga magoti kwenye dimbwi la mbege yangu na kuanza kufungua kiti cha gari langu, mimi nimesimama namshikia bolti kiganjani. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini pale kwao ni mawe matupu.

Tukakinyanyua watu wanne: Mzee, Baba Mdogo, mimi na dereva wa bodaboda. Shangazi yuko ndani ya kiti, wima, kilemba hakijasogea, ameshika rozari. Tukampitisha barazani kama Mangi, chifu wa zamani wa Wachagga. Tukamweka katikati ya sebule.

Hapo ndipo nyumba nzima ilipokumbuka kwa pamoja. Mshenga hakai. Na wa kwetu alikuwa ameshakaa kabla hata hajavuka kizingiti. Sisi wenyewe ndio tuliomwingiza amekaa. Prisca, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akafunika uso wote kwa kanga.

Mzee alimtazama Shangazi, kisha akakitazama kiti.

"Mama," akasema, "wageni nimepokea wengi. Anayekuja na kiti chake sijawahi kumwona."

"Baba Prisca," Shangazi akamjibu, "moyoni nimesimama."

Mzee akasema moyo hauonekani. Mpaka mshenga asimame kwa miguu yake, hakuna neno litakalosemwa katika nyumba hiyo. Akatoka nje kuliangalia gari. Baba Mdogo akanisukuma nimfuate.

Nikamfuata hatua mbili nyuma. Akafungua mlango wa nyuma. Akagonga yale mabomba kwa kidole, moja moja. Akatazama bati tupu pale palipokuwa na zulia, mbege ikiwa bado inatiririka.

"Mke atakaa mbele, sawa," akasema bila kugeuka. "Mtoto?"

Mila ilinikataza kujibu. Nikaishukuru mila. Nilisimama pale nikaona kabisa jinsi maisha yangu yatakavyokuwa: mimi, kale kagari, nafasi ya saba kati ya nane, mpaka uzee. Mzee akainama, akachungulia chini ya gari.

"Breki nzuri," akasema. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Wakati huo kule ndani mama yake Prisca alikuwa amepiga magoti mbele ya Shangazi na koleo, anachomoa kitenge uzi mmoja mmoja. Kilipotoka, akina mama watatu wakamshika Shangazi, wakahesabu mpaka tatu. Tulisikia nje kiti kilivyomwachia. Mzee naye alisikia.

Tuliporudi, Shangazi alikuwa wima. Lakini hakuanza posa. Alimtuma kwanza Baba Mdogo kwenye uzio akachume jani la sale. Ninyi wa kuja, mjue kwetu sale ndiyo msamaha wenyewe. Ukimpelekea uliyemkosea, ni vigumu akukatalie. Shangazi akalishika kwa mikono miwili, mgongo bado umelowa, akamkabidhi Mzee. Mzee akalipokea. Akalitazama, akamtazama Shangazi.

"Haya, sasa kaa, mama."

Shangazi akashukuru, akasema amekaa vya kutosha, ataendelea kusimama.

Akasema maneno yake yote akiwa amesimama, na aliyasema vizuri mpaka mimi mwenyewe nikatamani kujioa. Mbege iliyobaki ikagawanywa, nusu kikombe kila mtu. Mzee akamaliza yake, akafuta midomo.

"Sale imesamehe kosa," akasema. "Sale haitoi binti. Jumamosi ijayo mrudi na gari hili hili, watu wanne. Wawili wakae nyuma, kwenye kiti. Nitakuwa barazani nahesabu. Wakishuka wote wanne kwa miguu yao, tutapanga siku."

Nilitoka pale nimelowa jasho kuliko Shangazi alivyolowa mbege. Prisca akanisindikiza mpaka garini. Nilidhani alikuwa analia kwenye ile kanga. Alikuwa anacheka, na tulipofika nyuma ya migomba alicheka mpaka akashika mgomba asianguke. Kisha akajifuta macho, akaniuliza kiti kiko wapi kweli. Nikamwambia. Akaacha kucheka.

"Deo," akasema, "kimbia."

(Jambo moja msiliseme popote. Niliporudi ndani kukichukua kile kiti cha mbele, nilimkuta Mzee amekikalia peke yake sebuleni, mikono mbele, ameshika usukani usiokuwepo. Nikarudi nyuma kimya kimya, nikasubiri amalize.)

Shangazi alirudi na bodaboda, hakutaka hata kukitazama kile kiti. Baba Mdogo ndiye aliyekikalia, na mpaka Himo alikuwa amefumba macho.

Sasa ni saa kumi na moja jioni, niko Majengo kwa Saidi. Nimemletea na yeye jani la sale. Saidi kwao ni Kondoa. Amelipindua pindua, akaniuliza kama linachemshwa. Nimemweleza yote tangu mwanzo, akasikitika kwa dhati, akasema kiti nitachukua, nisubiri tu amalize hawa waliopo. Nasubiri nimesimama, maana pa kukaa hapana. Tafadhalini msicheke. Kuna wateja watatu hapa mbele yangu wamekalia ndoa yangu, na hakuna hata mmoja mwenye haraka.