Seva Itakayozimika Saa Nne

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametangaza kwenye kikao cha asubuhi: Ijumaa anateua msimamizi wa mfumo. Tuko wawili tu. Mimi, au Bi Daftari.

Bi Daftari ni mwenzangu wa upande wa seva, ile kompyuta inayoendesha mfumo wetu. Sisi tunaandika sehemu ya programu ambayo mteja haioni. Mtu akipanga miadi ya kusuka au kunyoa kwa simu yake, sisi ndio tunaohakikisha kiti kimoja hakipewi watu wawili. Jina hilo amelipata kwa sababu kila anachogusa anakiandika. Kabla ya kubadilisha mstari mmoja, anatunga majaribio matatu. Anahifadhi nakala ya data kila siku, halafu anaifungua kwenye mashine nyingine kuona kama kweli inafunguka. Nani anafanya hivyo? Ni sawa na kufunga mlango kisha kumwita mwizi aujaribu.

Mimi nina kipaji. Programu zangu zinafanya kazi na mwenyewe sijui kwa nini.

Nimefika nyumbani nikamwambia mama mkwe nimeshateuliwa. Sijui maneno yalinitokaje. Amefurahi kuliko alivyofurahi siku ya harusi yetu. Mke wangu, anayejua kwamba uteuzi ni Ijumaa, ameendelea kukata vitunguu.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua kinachoniangusha. Seva ikienda vizuri mwezi mzima, hakuna anayesema asante. Ikizimika dakika mbili, ofisi nzima inamjua aliyeiwasha. Na mimi sijawahi kuwasha chochote mbele ya watu.

Basi nimekula njama, peke yangu. Alhamisi saa nne asubuhi bosi anawaonyesha mfumo wenye saluni kumi na wawili. Seva itazimika mbele yao. Bosi atatokwa kijasho. Mimi nitainuka taratibu, nitaandika amri moja, itawaka. Makofi. Nani atamkumbuka Bi Daftari na majaribio yake?

Huu si uharibifu. Ni maonyesho.

Jumatano, 5 Machi

Nimetega! Seva ina orodha ya kazi inazofanya yenyewe, kila moja kwa saa uliyoiandikia: kufuta mafaili ya zamani, kutuma ujumbe wa kukumbusha miadi. Nimeongeza mstari mmoja chini kabisa. Zima huduma: Alhamisi, saa 4, dakika 0. Sikuacha maelezo. Sikuuingiza kwenye historia ya mabadiliko, ingawa ndiyo sheria yetu. Sheria ya nani? Ya Bi Daftari.

Akapita wakati huohuo na kikombe chake, akauliza mbona kaka umejikunja hivyo. Nikasingizia mgongo. Akaniletea mto wa kiti chake. Nimejisikia vibaya kwa kama dakika moja.

Jioni nimefanya mazoezi ya kuinuka taratibu mbele ya kioo. Mke akauliza naenda wapi. Nikamjibu naenda kuandika historia. Akasema nikiwa njiani nikatupe na takataka.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Shati jeupe, mikono nimeikunja hadi kwenye kiwiko. Wageni wameketi. Saa nne kasoro dakika moja nikasema kwa sauti nzito kwamba nahisi seva haiko sawa. Saa nne kamili nikainuka, nikawaambia wageni wasiogope. Hawakuwa wameogopa. Mama mmoja mwenye saluni alikuwa anapanga miadi ya kujaribia, ikakubali. Akapanga nyingine, ikakubali. Mimi nimesimama. Saa nne na dakika tano bosi akauliza kama nina la kuchangia. Nikasema nanyoosha mgongo.

Kisha Bi Daftari akaombwa aseme neno. Akasema leo saa kumi alfajiri huduma ilizimika. Ana programu ndogo inayoigonga seva kila dakika kuuliza kama iko hai, na isipoitika, simu yake inalia. Ililia. Akaiwasha huduma baada ya dakika tatu, akarudi kulala. Hakuna mteja aliyejua. Wageni wakapiga makofi. Makofi yangu!

Nikajifungia chooni na simu, nikafungua ile orodha. Saa 4. Seva inahesabu kuanzia saa sita usiku, ambayo yenyewe inaiita sifuri. Kwa hiyo 4 yake ni saa kumi alfajiri. Saa nne yetu ya asubuhi kwake ni 10. Nina miaka tisa kwenye kazi hii. Nilijua! Ndiyo maana nilitaka kulia.

Ijumaa, 7 Machi

Ameteuliwa Bi Daftari. Bosi amesema anataka mtu ambaye seva ikizimika mikononi mwake, wateja hawasikii. Nimepiga makofi kama wenzangu. Kwa wivu, chai yangu nimeiacha ipoe.

Baadaye akaniita kwenye chumba cha mashine ya kuchapishia. Akanipa karatasi, kumbukumbu za seva: mstari ulioongezwa, siku, dakika, na jina la aliyeingia. Jina langu. Nikasema huenda ni virusi. Akauliza virusi hao neno langu la siri walilipata wapi. Nikaikagua mashine ya kuchapishia kana kwamba jibu limekwama humo.

Akasema bosi hajui, na hana haja ya kujua. Anachotaka ni ripoti ya hitilafu, ukurasa mmoja, Jumatatu mezani kwake: nini kilitokea, kwa nini, na nimejifunza nini. Alisema kwa upole. Upole huo umeniuma kuliko kufukuzwa.

Nyumbani nimekuta mama mkwe amewaita dada zake waje kunipongeza. Nimepokea pongezi zote, moja baada ya nyingine. Mke amenivutia pembeni akanipa hadi Jumapili nimwambie mama yake ukweli.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia. Yaani nimemwambia nafasi ile nimemwachia mwenzangu kwa sababu anaihitaji zaidi. Mama mkwe amesema hajawahi kuona mkwe mwenye moyo kama wangu. Mke ametoka nje kidogo.

Ripoti nimeimaliza. Nini kilitokea: nimejaza mistari kumi. Kwa nini: uchovu. Nimejifunza nini: hapo nimekaa mchana kutwa, nikajichunguza kweli, bila kujionea huruma. Mwishowe nimeandika kwamba saa ya seva si saa yetu, na kwamba kosa hili halitatokea tena. Nimeamini kila neno. Nimejisikia mwepesi, mtu mpya kabisa.

Jumanne bosi ana wageni wengine, saa nane mchana. Mstari nimeshauweka. Jumanne, saa 8, dakika 0. Safari hii nimeuhakiki mara mbili.