Kitanda cha Wardah Chapitiliza

Kamati ya harusi ya ukoo, iliyokutana Utange chini ya uenyekiti wa Bwana Khatibu, iliazimia na kutangaza kwamba kitanda cha bibi harusi, Wardah, kitapelekwa Mjambere, kwa bwana harusi, kwa pikapu ya Mwenyekiti. Kwamba pikapu hiyo haina kasoro. Na kwamba itaendeshwa na Mwenyekiti mwenyewe, kwa kuwa katika ukoo mzima hakuna mwingine aliyejaliwa kipaji cha usukani.

Kura zilipigwa. Mwenyekiti alizihesabu mwenyewe, kichwani.

Pikapu ilikuwa nzuri, madhali inakwenda. Ikisimama tu, injini ilipanda, ikashuka, ikapiga mbinja, ikakohoa kama mzee anayetaka kusikilizwa, ikazima! Siku ya kupeleka kitanda ilizima pale pale uani, kitanda kimeshapakiwa. Na shangazi zake bwana harusi walikuwa wameshatuma salamu: kisipofika kabla ya alasiri, wataazima kingine. Bibi harusi alale kitanda cha kuazima! Afadhali asiolewe!

"Kakangu," Tima, mamake Wardah, alimwambia Khatibu, "likizima kule Mjambere, wallahi nitakuzika humo humo ndani."

Clifford, fundi wa jirani, aliinamia injini. "Mzee, hii inanyonya hewa. Kuna paipu imepasuka mahali."

"Hewa! Na gari lisiponyonya hewa linyonye nini, maziwa? Hiki ni kijicho! Mtaa mzima haulali kwa sababu ya pikapu yangu. Tima! Lete chetezo!"

Chetezo kikaja, makaa mekundu, udi unafuka. Injini ikawashwa. Khatibu akakizungusha juu yake kwa heshima ambayo maharusi wenyewe hawakupewa. Clifford alikumbuka petroli, akarudi nyuma.

Hapo moshi ukafanya ajabu. Badala ya kupanda, ulijikunja, ukazama wote katika ufa wa paipu moja nene ya mpira. Fyuuu!

"Hasidi mwenyewe huyo!" Khatibu akapiga ukelele. "Amekimbilia humo!"

"Huo ni ufa, mzee. Usiguse. Naenda kununua paipu ingine, narudi sai hivi."

"Sai hivi" ya fundi inajulikana. Khatibu aliifuata paipu kwa macho: ilitoka kwenye injini, ikaishia kwenye dude la duara mfano wa sufuria, lisilopika chochote. Kitu kisicho na kazi! Akaing'oa, akaziba tundu la injini kwa gunzi la mahindi lililofungwa mpira wa baiskeli. Mbinja kimya! Injini ikanguruma kama paka aliyeshiba samaki.

"Nimesomea wapi mimi?" akaiuliza hadhara. "Sijasomea!"

Ukweli huo ulithibitishwa Mjambere.

Njia nzima hakukanyaga breki. Breki, alisema, ni za waoga. Walipokaribia, akina mama walishuka tuktuk walizokuja nazo nyuma, wakafuata pikapu kwa miguu wakipiga pembe zao za vugo, ngoma ya harusi. Bwana harusi alikuwa mlangoni, kanzu inang'aa, shangazi wamemweka katikati.

Khatibu akakanyaga. Breki ilikuwa ngumu kama anakanyaga ukuta. Akaisimamia kwa miguu miwili. Pikapu ikaupita mlango polepole, kwa adabu zote, ikaendelea na safari.

"Mbona apita?" shangazi mmoja akauliza.

"Atembeza kitanda mtaani," akajibu mwenzake. "Watu wa Utange na mbwembwe zao!"

Akina mama, wasiokubali kuachwa, wakaongeza mwendo na sauti. Kitanda kikapita kinyozi, kikapita madrasa, kikasimama ndani ya lundo la mchanga wa watu wanaojenga.

Khatibu akashuka, akakung'uta kofia. "Hivyo ndivyo kitanda kinavyoonyeshwa!"

"Kilikuwa kiwekwe, kakangu," Tima akasema.

Vijana wa bwana harusi walikibeba kichwani, mbio, wakakiingiza chumbani adhana ya alasiri inaanza. Ndipo Clifford akafika kwa bodaboda, paipu mpya shingoni.

"Hiyo ulitoa ndiyo inasaidia breki, mzee."

"Najua. Nilikuwa napima."

Paipu ilipotiwa, Tima alinyoosha mkono. Khatibu akautazama sana, kisha akautilia ufunguo.

Tima huendesha basi la shule, Kisauni, siku zote isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Mwenyekiti alikaa nyuma, palipokuwa na kitanda.