Bomba la Bwana Pölönen

Siku Taisto Pölönen alipomsikia Bi Hellevi Kokkarinen akibishania bei ya samaki katika soko la mji wa Tampere, hadi muuzaji akaomba radhi, alijua amepata mteja. Bahili, kwa uzoefu wake, hujipofusha mwenyewe. Kinachomfumba macho ni punguzo la bei tu.

Pölönen alitandika mabomba ya kupasha sakafu joto. Tuseme bomba, kwa kuwa lilikuwa moja, na ndilo mtaji wake wote. Alilizungusha sakafuni kama nyoka aliyeshiba. Mwenye nyumba akalistaajabia, akalipiga picha, kisha akatolewa nje, ati mvuke wa saruji hudhuru mapafu. Hapo bomba likakunjwa, likarudi garini, na zege likamwagwa juu ya patupu. "Msiwashe kabla ya mwezi," huagiza. "Zege changa halitaki pupa." Mwezi ukiisha, naye keshahamia mji mwingine.

Kwa Bi Hellevi, bomba lilipokwisha kutandikwa na kujazwa maji, mama huyo alichungulia mlangoni.

"Kahawa iko kibandani kwenye sauna, fundi."

"Nina kazi, mama."

"Hunywi kahawa yangu? Nimekukosea nini?"

Katika nchi yao, fundi akataaye kahawa hushukiwa kuliko aibaye misumari. Pölönen akavua buti mlangoni pa kibanda. Aliwaibia watu, lakini hakuwahi kukanyaga chumba cha mtu na viatu. Akala mkate wa iliki. Akamiminiwa kikombe cha pili, kisha cha tatu. Ndipo nje likanguruma gari.

"Hilo zege si la alasiri?"

"Nimewapigia wawahi. Keti, maliza kikombe."

"Lazima nipime presha ya maji bombani!"

"Nimeitazama. Mshale wa kipimo umesimama kama askari wa zamu."

Pölönen aliruka mlangoni. Buti hazikuwepo. Akakatiza ua kwa soksi, theluji ikimng'ata nyayo, akafika dirishani mpira wa kumwagia zege ukitapika uji wa kijivu na pindo la mwisho la bomba likizama. Mtu apige ukelele gani? Kwamba bomba aliloliuza limeachwa palepale alipoliuzia?

Bi Hellevi akaja polepole, buti mkononi.

"Uliiona ile rangi nyekundu ya kucha pale kwenye kona ya bomba?"

"Rangi gani, mama?"

"Dada yangu Irja alilipaka bomba lake mwaka jana, kuonyesha friji litasimama wapi. Sakafu yake haijapata joto hata siku moja. Nilipoiona rangi yake kwangu, nikasema: kumbe bomba la Irja limetembea!" Akamrushia buti. "Ujira wako ulishalipwa na Irja. Nenda."

Pölönen alizivaa kwa heshima zote, kisha akatafuta mfukoni mwa akili yake silaha ya mwisho.

"Basi bomba ni la dada yako. Utamwambia?"

Bi Hellevi aliitazama sakafu yake mbichi kwa upole ambao hakuna binadamu aliyewahi kuupata kwake.

"Irja," alisema, "ana soksi za sufu."