Malisho ya Shangazi Nyuma ya Ofisi

Jumatatu, 3 Juni

Cheo cha msimamizi kiko wazi! Ni mimi au Rula, jina nililompa mwenzangu ofisini kwa kuwa hatoki bila rula ya kupimia nyasi. Kazi yetu ni kuwasaidia wafugaji wa kondoo kuthibitisha kwamba mifugo yao haimalizi ardhi. Unapanda hadi shambani, unasimama kwenye nguzo ileile kila mwezi, unapiga picha malisho yaliyopumzishwa, unatuma ripoti. Rula hupanda. Mimi natumia akili.

Nimepangiwa shamba la shangazi yangu. Mnunuzi wa sufu anakuja wiki ijayo. Asipoona nyasi zimerudi, hanunui tena, na shangazi atauza kundi lote. Amenipigia simu kusema ananitegemea. Nimemwambia alale usingizi. Kisha nikachungulia dirishani: bustani ya ofisi, nyasi tele! Nimechomeka kijiti kiwe nguzo, nikakipaka chokaa, nikapiga picha. Kazi imekwisha kabla ya chai.

Jumanne, 4 Juni

Kwenye picha kuna kondoo. Jana hakuwepo. Bustani ina ukuta, lango lina kufuli. Nimefuta kioo cha simu kwa shati. Bado yupo, amenipa mgongo. Nimemwonyesha Meneja, amesema picha ina uhai. Rula ameuliza shamba la shangazi limejengewa ukuta lini. Wivu tu. Nimemwambia ni wa kuzuia upepo.

Jumatano, 5 Juni

Kondoo amegeuka. Picha ileile, sijaigusa. Sasa ananitazama usoni, na nyuma yake wapo wengine. Nimeifuta. Baada ya chakula cha mchana nimeikuta imerudi, na wameongezeka. Naogopa, sitaki kujidanganya. Nimeituma hivyo hivyo pamoja na ripoti. Shamba lenye kondoo linaaminika zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

Shangazi amepiga. Kondoo wake wanapungua. Zizi limefungwa, hakuna damu, hakuna nyayo.

“Mwanangu, hawa waliobaki hawali,” amesema. “Wamesimama tu, wanatazama upande wa mjini.”

Nimeangalia picha tena. Yule wa mbele ana sikio lililochanika. Namjua, alikuwa akila mkononi mwa shangazi. Neno lilifika mdomoni. Nikakumbuka cheo, nikalimeza. Nimemwambia kondoo hupenda kutembea.

Ijumaa, 7 Juni

Bustani imejaa. Kondoo wote wa shangazi, na kufuli la lango halijaguswa. Hawali, hawalii. Wamelielekea dirisha langu. Nimehamisha meza hadi kona ya pili. Vichwa vyote vimenifuata. Nimefunga pazia, na bado najua wapo. Rula amekuja, amechungulia, ametoka. Rula yake ameisahau mezani kwangu. Hajawahi kuisahau.

Jumatatu, 10 Juni

Nimempeleka mnunuzi shambani. Zizi tupu. Lakini nyasi! Zimefika magotini, na Ijumaa shangazi alinipigia kusema ardhi ni kipara. Mnunuzi ameuliza kondoo wako wapi. Nimemwambia wamehamishiwa malisho mengine, ndiyo maana ya kupumzisha ardhi. Amefurahi, amesaini, ameondoka. Shangazi amebaki amesimama katikati ya nyasi zake.

“Nyasi umenipa,” amesema. “Nani atazila?”

Nimeahidi kuwarudisha. Nimekimbia ofisini. Bustani ilikuwa tupu, na picha pia tupu. Nimejifungia chooni nikalia, kweli nimelia.

Jumanne, 11 Juni

Cheo nimepata! Rula ameomba uhamisho. Suala la shangazi nitalitafutia ufumbuzi nikitulia. Wakubwa tuna mengi.

Sasa Meneja anataka picha za shamba jingine, kubwa kuliko la shangazi, na njia ya huko ni matope matupu. Nimewaza. Zulia la sebuleni kwangu ni la kijani. Ukilala kifudifudi na kushusha simu hadi sakafuni, nani atajua? Nimepiga moja ya majaribio. Imetoka safi kabisa.

Mke wangu ameuliza kutoka jikoni ni nani anayekanyagakanyaga sebuleni. Nikiwa bado nimelala kifudifudi, nimemwambia ni mimi.