Tarikhi ya Kura Iliyopigwa kwa Maji Mdomoni

Sikieni, enyi mlioketi barazani na mliosimama mlangoni! Mwenye haraka na aifunge pembeni mwa nguo yake, na mwenye kikombe cha kahawa na akiweke chini, kwani yanayosimuliwa hapa si vita vya masultani wala harusi ya siku tisa. Ni jambo lililo zito kuliko yote hayo: namna Elarif bin Mouhidine, shujaa wa kalamu ya wino, bingwa wa nakala tatu na karatasi ya kaboni, alivyowanyamazisha wachukuzi mia moja sitini na mmoja wa bandari ya Mutsamudu, kisiwani Anjouan, kwa muda wa kupiga kura. Anayeliona hilo kuwa dogo hajawahi kuwasikia wachukuzi wa Mutsamudu wakisalimiana tu.

Ulikuwa mwaka wa tano tangu askari wa kizungu wa kukodiwa washuke Moroni, mji mkuu wa Komoro, na bunduki zao na kujifanya walinzi wa serikali, mwaka ambao watu walikuwa wamekwisha kuzoea kutazama nyuma kabla ya kusema la mbele. Katika mwaka huo, kamba ya chuma ya winchi ya gati, iliyochakaa hata nyuzi zake zikachomoza kama ndevu za mgonjwa, ilikatika mchana kweupe, na mzigo wa saruji ukashuka na kuondoka na vidole viwili vya mchukuzi Saïndou. Kampuni ya upakuzi ikampa pole, ikaiunganisha kamba ile ile kwa vibano, ikaamuru kazi iendelee. Wachukuzi wakatazama juu, wakatazama vidole vyao, wakasema hapana.

Basi wakakusanyika uani mwa msikiti baada ya alasiri. Mzee Attoumane, ambaye bandari nzima ilimwita Bakoko, babu wa wote, mwenye sauti ya kusikika mpaka Patsy juu mlimani upepo ukiwa mwema, aliinua viganja, Fatiha ikasomwa, na amini ikaitikiwa hata njiwa wakaruka. Na Mutsamudu, ndugu zangu, jambo lililofungwa kwa Fatiha limefungwa. Ndivyo wanavyoozana, ndivyo wanavyogawana mashamba, ndivyo wanavyomaliza ugomvi wa miaka thelathini. Elarif, katibu wa chama, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Tumekubaliana kugoma. Tumesoma Fatiha, sote tumeitikia." Akatia sahihi yake chini, akapanda ndege kwenye uwanja wa Ouani, akatua Moroni kifua mbele.

Ofisi ya kazi mjini Moroni ilikaliwa na Inspekta Djaanfar, mtu mwembamba, mpole, aliyesoma kila karatasi mara mbili na kila sheria mara tatu. Aliisoma ile karatasi, akaiweka mezani taratibu.

"Bwana Katibu," alisema, "hii ni dua."

"Dua ina kasoro gani, Inspekta?"

"Dua haina kasoro. Ila sheria ya mgomo haiombi dua, inaomba kura. Orodha ya wanachama ibandikwe mlangoni siku saba. Kila mmoja aandike lake peke yake, asionekane na asisikike. Wanaotaka kugoma wazidi nusu ya wanachama wote, si nusu ya waliofika. Kisha mwajiri apewe siku kumi za taarifa. Mkikosa hata moja, huo si mgomo, ni mkusanyiko tu." Akaelekeza kidevu dirishani, ambako gari la askari wa kukodiwa lilikuwa likipita taratibu. "Na mikusanyiko siku hizi haiji kwangu. Inakwenda kwa wale. Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema Elarif, na hapo shujaa wetu aliogopa. Tusimpambe kwa uongo: aliogopa hata kofia ikampwaya kichwani.

Djaanfar akamwonea huruma, akamrudishia karatasi. "Nitakuja Mutsamudu mwenyewe kushuhudia. Lakini nisikie mtu mmoja tu akitamka kura yake, naifuta kura nzima."

Elarif akarudi kisiwani kwake, akabandika orodha, akatangaza jaribio. Ah, jaribio! Kalamu, jikaze usiteleze kwa kicheko. Alitundika gunia ghalani liwe pazia, akawapanga watu arobaini, akawaambia waingie, waandike, watoke kimya. Wa kwanza aliingia kimya, akatoka akinguruma, "Ndiyo! Na marehemu baba yangu naye angesema ndiyo!" Wa pili hakutaka kupitwa. Kufikia wa kumi walikuwa wanataja na mababu. Kisha Bakoko Attoumane akapanda juu ya mfuko wa sukari na kuhutubia umma.

"Enyi wana wa gati! Tangu lini mwanamume akajificha nyuma ya pazia ili aseme ndiyo? Pazia ni la bibi harusi! Mimi neno langu nimelisema mbele ya msikiti, mbele ya jua na mbele ya Mola wangu. Leo mtu wa Moroni aniambie nilinong'oneze sanduku?"

Wakamshangilia hata vumbi likashuka darini. Elarif akaketi sakafuni. Hawakuwa wakaidi, maskini. Kwao kura ya siri ilikuwa ni aibu, kazi ya mtu anayekusudia kukana kesho. Lakini siku za kufikia kura zilikuwa zimebaki tatu, na jina lililo chini ya karatasi lilikuwa moja.

Alirudi nyumbani kwa mkewe, maana Mutsamudu nyumba ni ya mwanamke na mume ni mgeni wa heshima. Koultoumi alimsikiliza mpaka mwisho, huku akipepeta mchele.

"Watu wako hao hunyamaza wakati gani?" akauliza.

"Wakilala. Na hapo pia sina hakika."

"Na wakitawadha?"

Elarif akanyanyua kichwa.

"Wape maji mdomoni," alisema Koultoumi, "kama wanaosukutua. Wayateme wakishatoka. Nani atapiga kelele na mashavu yamejaa?" Kisha akafungua kasha, akatoa shiromani yake mpya, ile nguo nyekundu na nyeupe ya wanawake wa Anjouan. "Na lile gunia liondoe. Mimi mwenyewe nisingepiga kura nyuma ya gunia."

Alhamisi ikapambazuka, siku ya siku. Mlangoni mwa ghala likawekwa pipa la maji na kopo la bati. Ndani shiromani ikatundikwa, ikang'aa kama bendera ya jeshi. Na nyuma ya meza akaketi Djaanfar, aliyewasili asubuhi ile, na mhuri wake mkobani. Elarif akasimama mbele ya majeshi.

"Ndugu zangu na baba zangu! Hakuna anayewaambia mjifiche. Mnaingia kama mnavyoingia kwenye ibada: kwanza mnasukutua, na mwenye maji mdomoni hasemi, wala hakuna anayemwita mwoga. Bakoko, ninakosea?"

Attoumane akalitazama pipa, akalitazama kopo. "Kwa njia hiyo," akasema, "sina neno." Na kwa kuwa mkubwa hulinda nyuma ya jeshi, akaapa kupiga kura wa mwisho.

Lo, maandamano yale! Waliingia wabeba saruji wenye mabega kama milango, waliingia wabeba karafuu wanaonukia, aliingia Saïndou na mkono wake uliofungwa, kila mmoja mashavu yamevimba, macho yamemtoka, kimya kabisa. Wakipita nyuma ya shiromani, wakitumbukiza karatasi sandukuni, wakitoka nje kutema mtaroni na kupumua kama waliozuka kutoka kilindini. Mmoja alipaliwa, akapigwa mgongo na wenzake wanne bila neno. Saa mbili zikapita, na watu wa mtaa wa jirani wakatuma mtu kuuliza ni nani amefariki.

Watu mia moja thelathini na saba walikwisha kupita salama. Ndipo akaingia Bakoko Attoumane, mashavu yamejaa, ndevu nyeupe mbele. Na Inspekta Djaanfar, aliyelelewa vizuri na mama yake, alipomwona mzee huyo alifanya ambalo mtoto yeyote wa watu angefanya. Alisimama na kusema, "Asalamu alaikum, Bakoko."

Ghala likaganda. Katika miaka yake sabini Attoumane hakuwahi kuiacha salamu ikaanguka chini. Kuijibu ni wajibu. Kuliko kutoijibu mbele ya watu, afadhali uzame. Akamtazama inspekta, akawatazama watu, uso ukawa mwekundu, tone moja likamchuruzika kwenye ndevu. Kila mtu alijua kwamba mdomo ule ukifunguka hautaishia kwenye salamu. Itafuata ndiyo, na baada ya ndiyo itafuata hotuba, na kura yote imekwenda na maji.

Hapo ndipo Elarif, mwenye umri wa miaka hamsini na goti bovu, alipouruka mfuko wa sukari, akatua mbele ya meza na kupaza sauti: "Wa alaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, Inspekta! Najibu kwa niaba ya wachukuzi wote wa gati hili, waliopo na wasiopo, wenye maji mdomoni na waliokwisha kuyatema! Mmoja akijibu kwa kundi, kundi limejibu. Ndivyo tulivyosomeshwa chuoni sisi wa Mutsamudu, na Moroni pia, nadhani?"

Djaanfar akatambua alichokuwa karibu kukivunja. Akaketi, uso umemwiva kwa haya. "Moroni pia," akasema kwa sauti ndogo.

Attoumane akafumba macho kwa shukrani, akapita nyuma ya shiromani, akatumbukiza karatasi, akatoka, akatema, kisha akaongea bila kituo hadi adhuhuri.

Zilihitajika kura themanini na moja, zaidi ya nusu ya wanachama wote, hata wale ambao hawakufika. Zikahesabiwa mbele ya wote: ndiyo mia moja thelathini na moja, hapana sita, na moja imeandikwa "Amini", ambayo Djaanfar aliiweka kando kwa masikitiko. Hao sita hawajulikani mpaka leo. Wote mia moja sitini na mmoja wanaapa kuwa si wao. Mhuri ukashuka, na Elarif akalia waziwazi, wala hakujifuta.

Siku kumi zikaisha, mgomo ukaanza Jumatatu. Saa mbili asubuhi gari la wazungu wa kukodiwa likasimama langoni. Ofisa wao akashuka na bunduki begani, akauliza nani mkubwa hapa. Elarif akatoka peke yake, akampa karatasi. Mzungu yule akaisoma orodha, tarehe, hesabu, mhuri. Akaigeuza akatafuta kosa hata mgongoni mwake, ambako hapakuwa na kitu. Akairudisha. Gari likageuka, likaondoka. Jumatano kamba mpya ya winchi ililetwa, na wachukuzi wakaufunga mgomo wao kwa kuishusha wenyewe, kwa mikono, kwa nyimbo.

Basi waandishi wa tarikhi wenye kupenda miji iliyotekwa na viti vya enzi vilivyopinduliwa waendelee na yao. Bandarini Mutsamudu miaka ilianza kuhesabiwa upya. Saïndou alipokwenda kumwandikisha binti yake na kuulizwa amezaliwa lini, aliinua mkono wenye vidole vitatu akajibu, "Miezi miwili baada ya kura," na karani akachovya kalamu, wala hakuuliza kura ipi.