Vinundu vya Shamba la Dada

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata kazi ya maana! Mama Daktari, mkuu wa mradi, amenipa kupima miti jamii ya mikunde iliyopandwa katikati ya mahindi ya dada yangu. Miti hiyo ina vinundu mizizini. Humo wamo bakteria wanaokamata nitrojeni hewani na kuirutubisha ardhi. Shamba la juu linapimwa na Profesa. Tunamwita hivyo kwa sababu shule ilimshinda mapema. Kati ya mashamba mawili litabaki moja mradini. Litakaloshindwa, miti inang'olewa. Dada ni mjane, ana watoto wanne na ardhi iliyochoka. Mashemeji wamekwishasema: wakiona miti haisaidii kitu, watagawana watoto. Dada amenishika mkono, akasema ananitegemea mimi tu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechungulia shamba la juu. Miti ya Profesa inang'aa. Yetu imenyong'onyea. Roho imeniuma! Halafu akili ikanijia. Wanatafuta nitrojeni? Basi niwape nitrojeni! Dada alipokwenda kisimani nikamwaga mfuko mzima wa mbolea ya urea kwenye mashina, nikafukia. Hakuna aliyeona. Mimi kichwa ninacho, basi tu sikusomeshwa.

Jumanne, 25 Machi
Kijani! Kijani mpaka raha! Profesa amepita mara tatu akijifanya anatafuta mbuzi wake. Hana mbuzi. Dada ameimba tangu asubuhi, mara ya kwanza tangu tumzike mumewe. Nimechuma majani ya kupeleka maabara, nimeyakausha na kuandika namba kwenye bahasha. Mwandiko safi kabisa.

Jumatano, 26 Machi
Mama Daktari amekuja. Majani hata hakuyasifu. Alitaka mizizi! Tumechimba mti wa kwanza, tukaosha mizizi kwenye ndoo. Vinundu vitatu. Mti wa pili, kimoja. Akakipasua kwa wembe. Ndani kijivu. Akasema kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu ndani. Kwa Profesa amehesabu sitini na nne, vyote vyekundu. Mshenzi! Kisha akaniuliza kama kuna mtu ametia mbolea, maana mti ukilishwa mbolea unaacha kujitafutia hewani. Nikakana. Dada alikuwa amesimama pale na ndoo, ananitazama. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Alhamisi, 17 Aprili
Majibu ya maabara yametoka. Kumbe wana mashine inayotofautisha nitrojeni ya hewani na ya ardhini! Nani aliniambia? Yetu ya hewani haifiki hata sehemu moja ya kumi. Wameng'oa safu mbili leo hii. Dada alimpigia magoti Mama Daktari mbele ya watu wote, akaachiwa safu ya tatu ipimwe tena msimu ujao. Sharti ni moja: urea isikanyage shambani. Profesa alikuja kunipa pole. Alikuwa anatabasamu.

Jumapili, 20 Aprili
Shemeji mkubwa amekuja kuchukua watoto wawili wa katikati. Dada amewafungia nguo kwenye shuka moja. Yule wa kike aling'ang'ania mlango, ikabidi ambandue kidole kimoja kimoja. Dada hakulia mbele yao. Walipotokomea akakaa chini, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nilitia kitu kwenye ile miti. Nikaapa kwa kaburi la mama yetu kwamba sikutia. Akasema ananiamini. Nilitamani ardhi inimeze.

Nampenda dada yangu. Siwezi kukunja mikono huku watoto wake wanakwisha. Nimewaza mchana kutwa na kosa nimeliona: ile urea ilikuwa ya dukani, ndiyo maana miti ikasusa. Jirani anafuga kuku. Nimebeba magunia manne ya mavi yao na kuyafukia kwenye safu yote iliyobaki. Mama Daktari alikataza urea. Kuku hakuwataja.